Kama Kuna Anayemdai Marehemu

Seche mwanangu,

Sasa hivi umemaliza chupa yangu nzima ya rangi ya kucha. Nilikuona kutoka mlangoni, umepiga magoti mbele ya sanduku lako la bati kama mtu anayesali, ulimi umeutoa pembeni, unaandika jina kwenye kifuniko kwa kile kibrashi kidogo. Nilitaka kupiga kelele, maana rangi ile niliinunua kwa ajili ya harusi ya mama yako mdogo na sijaipaka hata mara mbili. Halafu nikasoma unachoandika, nikanyamaza. Uliandika SECHELELA, ukapuliza. Ukaandika ELIA, ukapuliza. Ukamalizia MALOGO. Ukasimama, ukakung'uta magoti, ukaniambia, "Mama usiguse, bado bichi," ukaenda zako kumuaga babu kama vile umeandika kitu ambacho kila mtoto anaandika.

Mimi nimebaki na herufi hizo nyekundu. Nimekaa kwenye mkeka hapa barazani, mvua ndiyo kwanza imekatika, nimechana karatasi za katikati za daftari lako la zamani la hesabu. Barua hii nitaiweka chini kabisa, chini ya shuka. Utaikuta ukiwa Kondoa. Mambo ya ndala na sabuni na kufuli sitayaandika, mama yako mdogo ameyahubiri tangu Krismasi na akija jioni atayarudia. Nataka kukuandikia juu ya siku ile ya mazishi kule Mvumi. Tangu siku ile hatujawahi kuizungumza vizuri, na kosa ni langu.

Nianze nyuma kidogo. Nilikupata nikiwa na miaka kumi na saba, niko kidato cha pili. Shule ikaishia hapo. Baba yako Elia alikuwa fundi mwashi, kijana mcheshi, anapiga mluzi huku anapanga tofali. Mwanzoni hakukukana. Nataka ulijue hilo kabla ya yote. Ulipokuwa unatambaa nilikwenda ustawi wa jamii, wakatupeleka mahakamani, akasimama mbele ya hakimu akasema, "Mtoto ni wangu." Hakimu akaandika amri, atoe matunzo kila mwezi. Akatoa miezi michache. Kisha akaoa mke wa ndoa, akajenga nyumba ya vyumba vya kupangisha, akapanda zabibu shambani kwao Mvumi, na sisi tukawa kama deni la dukani ambalo mtu akipita analiepuka kwa kuvuka barabara.

Ningerudi mahakamani. Karani wa ustawi aliniambia, asipotoa njoo, kuna njia. Sikwenda. Nilijiambia nina heshima yangu, simlilii mwanamume. Kumbe heshima ile ilikuwa inakula chakula chako wewe.

Badala ya kumdai yeye, nikawa nakutuma wewe. Unakumbuka? Ukiniambia, "Mama, kalamu imeisha," nakujibu, "Mdai baba yako." Sweta limechanika: "Mdai baba yako." Nilikuwa nayasema huku nachambua karanga, bila hata kuinua uso, kama mtu anayemfukuza kuku. Sikujua kwamba kuna mtu mdogo anayahesabu maneno yale kuwa ya kweli.

Kuna la pili, nalo ni baya zaidi. Ulipokuwa unaanza darasa la kwanza walitaka cheti cha kuzaliwa. Tukaenda na babu yako. Yule wa dirishani akauliza, "Jina la baba?" Mimi nikatazama sakafu. Babu akasema, "Andika Malogo. Mtoto amezaliwa kwangu, anakula kwangu." Nikamwacha aandike. Nilifurahi hata, Seche. Nilidhani namkomoa Elia, kwamba siku moja atakutafuta akute umefutwa kwake. Watu wengi hapa kwetu wamefanya hivyo, mtoto akizaliwa nyumbani babu anakuwa baba kwenye karatasi, mambo yanaisha. Hayaishi. Yanalala.

Sasa ile siku ya viatu unaijua kuliko mimi. Ulikuwa la pili. Baba yako alipita hapa na pikipiki, sijui moyo gani ulimwingia, akakuita, akavunja kijiti cha ufagio, akakuambia, "Simama hapa." Akakipima kwenye unyayo wako kutoka kisigino hadi kidole gumba, akakikata kwa meno, akakitia kwenye mfuko wa shati. "Jumapili nakuletea viatu." Jumapili ile ulioga asubuhi na mapema ukakaa kwenye lile jiwe la kunolea visu. Nilikuletea ugali ukalia palepale. Jua lilipozama uliingia ndani. Mimi nikasema, "Si nilikwambia?" Nikaona nimeshinda. Hata leo sijui nilikuwa nashindana na nani.

Miaka miwili baadaye akafa. Ukuta wa jengo ulimwangukia. Tulipata habari sokoni Majengo, niko kwenye meza yangu ya mlenda mkavu, mteja anapima kwa kopo huku ananisimulia kama habari ya mtu asiyenihusu. Babu akasema usiende. Mimi nikasema mtoto akamzike baba yake, tutasimama nyuma.

Tukasimama nyuma. Ulivaa sare ya shule kwa sababu ndiyo nguo nzima uliyokuwa nayo. Wakazika, wakaweka mashada, wakamuita mke wake, wakawaita watoto wake wawili. Hawakukuita wewe. Nilishukuru, nilidhani tumepona. Kisha msemaji wa familia, baba yako mdogo Hosea, akasimama juu ya tuta la udongo uliobaki akasema yale yanayosemwa kila msibani, ambayo sote tumeyasikia mpaka hatuyasikii tena: "Ndugu zangu, kama kuna mtu anamdai marehemu, au alikuwa anadaiwa na marehemu, ajitokeze, aonane na familia."

Ukanyosha mkono.

Uliunyosha kama darasani, vidole vimebanana. Nami nilikuwa sijauona bado. Niliona watu wanageuka. Nikasikia sauti yako, nyembamba, haitetemeki: "Mimi namdai."

Hosea akasema, "Nani huyo?"

"Mimi. Namdai viatu. Alinipima mguu. Alisema Jumapili."

Seche, nimewahi kuona mvua ya mawe ikivunja bati, nimewahi kuona msafara wa wakubwa ukipita barabara nzima imefungwa, lakini sijawahi kuona watu wengi kiasi kile wakinyamaza kwa pamoja. Hata jembe lililokuwa linasawazisha udongo pembeni lilisimama. Ungekuwa mtoto wa mwenzangu ningesema, Mungu wangu, huyu ametumwa. Ulikuwa wangu, kwa hiyo niliona aibu. Nikakuziba mdomo kwa pembe ya kitenge changu. Nikasema kwa sauti ili wote wasikie, "Msameheni, ni mtoto, hajui anachosema."

Wewe ndiye pekee pale makaburini uliyekuwa unajua unachosema. Uliulizwa swali ukajibu.

Mwanamke mmoja akacheka, "Haya, madeni ya marehemu yana meno ya maziwa!" Wakacheka. Tukaondoka. Njiani hukulia. Tulipofika karibu na hospitali ukaniuliza, "Mama, wewe si ndiye ulisema nimdai?" Sikukujibu. Nimekaa na swali hilo muda mrefu kuliko nilivyokaa na swali lolote. Hili ndilo jibu langu: ndiyo, ni mimi. Na nilipaswa kukudaia mimi mwenyewe.

Wiki ile ile nikaenda mahakama ya mwanzo. Sikuwa na karatasi hata moja, nakala ya ile amri ilishaozeshwa na mvua. Nilimwambia karani nimekuja kwa ajili ya urithi wa mtoto. Akanitazama, mama mmoja wa makamo mwenye miwani imefungwa kwa uzi. Akasema, "Mdogo wangu, ngoja. Ukitamka urithi, ukoo mzima utanoa visu. Aliwahi kuamriwa matunzo?" Nikasema ndiyo, zamani. "Akatoa?" Miezi michache. Akaweka kalamu chini. "Basi hukuja kuomba. Umekuja kudai. Mali ya marehemu haigawiwi kabla hajalipa. Azikwe na mchungaji, azikwe na shehe, azikwe kimila, kote ni hivyo hivyo, deni linatoka kwanza. Urithi upo, ni haki ya mtoto, nao utaudai baadaye. Lakini anza na deni."

Nikamwambia karatasi sina. Akacheka. "Wewe huna. Sisi tunayo. Karatasi ya mahakama haifi, inalala."

Akanipeleka masjala, chumba wanakoweka majalada. Natamani ungekiona. Rafu mpaka darini, mafaili yamefungwa kamba, vumbi jekundu lile lile la barabarani kwetu limekaa juu yake, na katika kila faili kuna watu, wamegombana, wamelia, wamekula kiapo. Akapanda ngazi, akapiga chafya, akashuka na faili jembamba. Akafungua. Palikuwa na jina lako, Seche. Ulikuwa hujajua kutembea na tayari serikali ilikuwa imekuandika. Na chini, kwa kalamu ya bluu, sahihi ya baba yako, kubwa, imepinda, mwandiko wa mtu aliyezoea kushika mwiko wa ujenzi. "Mtoto ni wangu." Nikaketi sakafuni. Miaka yote nilikuwa nadhani limebaki neno langu dhidi ya lake, na neno lake lilikuwa limekaa pale gizani linakusubiri.

Nililia kidogo. Karani akasema, "Usinilowanishie faili."

Siku ya kesi uliomba kuja nikakukatalia, kwa hiyo nakusimulia. Hosea alikuwa ameomba kuwa msimamizi wa mirathi, yaani yeye ndiye akusanye mali, alipe, agawe. Orodha yake ya watoto ina majina mawili. Nikasimama nikasema nina dai. Wenzangu wote wanajua kuongea, mimi kidato cha pili sijamaliza. Hosea alikuja na nakala ya cheti chako, sijui aliipataje. Akakiinua juu.

"Mheshimiwa, cheti hiki kinasema baba wa mtoto ni Malogo. Huyu mama naye baba yake ni Malogo. Kwa hiyo kwa maandishi ya serikali mtoto huyu ni mdogo wake! Dada amekuja kumdai marehemu matunzo ya mdogo wake!"

Mahakama nzima ilicheka, hata askari wa mlangoni. Mimi mwenyewe, Seche, ilibaki kidogo nicheke, maana alisema kweli. Nilikufanya mdogo wangu kwa hasira za siku moja. Nikasema, "Mheshimiwa, hilo ni kosa langu, si la mtoto. Naomba usome faili." Hakimu akasoma, akilowesha kidole. Hosea akasema sahihi hiyo si ya kaka yake, kaka yake alisaini kwa dole gumba.

Hapo ndipo bibi yako aliposimama.

Unamjua bibi yako mzaa baba kwa mbali tu, yule mwembamba anayetembea na fimbo. Kwake mimi nilikuwa "yule wa Malogo", sikuwahi kuwa na jina. Siku hiyo alikuja kukaa upande wa Hosea. Hakuna aliyemuita. Alisimama akasema kwa Kiswahili chake cha kuchanganya na Kigogo, "Mimi nina neno."

Hakimu akasema, "Mama, subiri zamu yako."

"Zamu yangu ndiyo hii, baba, mimi ni mzee, sina nyingine." Akaendelea. Akasema siku moja alikuwa anafua shati la mwanawe, akakuta kijiti mfukoni. Kijiti cha ufagio, kimekatwa kwa meno. Akamuuliza, Elia, hiki nini, unaroga? Elia akasema, "Mama, kiache hicho. Huo ni mguu wa mwanangu."

Bibi akaegemea fimbo yake. Kisha akasema, "Nilijua mwana yupi. Nikakitupa jikoni, kikaungua. Nilisema akiendelea kubeba miguu ya huko, ya hapa itakosa viatu. Pale makaburini mtoto aliposema alipimwa mguu, mimi nilikuwa nimekaa mbele, mkaniona nalia, mkadhani namlilia Elia." Akamgeukia Hosea. "Wewe mdomo mrefu. Unataka kaka yako alale na deni la mtoto kifuani? Andika jina."

Hosea akasema, "Mama, mambo ya mahakama..."

"Andika!"

Mwanangu, wewe hukuwepo, lakini ni wewe uliyefanya vile. Maneno matatu ya mtoto wa darasa la nne yalitembea kutoka makaburini yakaingia kwenye moyo wa bibi mgumu kuliko jiwe la kusagia, yakakaa humo miezi, yakatoka mahakamani yamekuwa ushahidi. Kila nikifikiri hivyo nasisimka mwili. Mimi ndiye nilikuziba mdomo. Ningekuziba vizuri kidogo tu, pasingekuwa na kitu.

Hakimu aliamua. Kodi ya vyumba vya baba yako ilipe kwanza matunzo yale yaliyolala, mpaka yaishe, ndipo wagawane. Na orodha ikaenda na majina matatu, wewe ukiwa wa kwanza maana ndiye mkubwa. Una mistari yako ya zabibu Mvumi. Bado u mdogo kuielewa, lakini ipo, ina mipaka, imeandikwa. Hosea hulipa huku ananung'unika, ila hulipa. Mke wa baba yako hajanisalimia mpaka leo, na simlaumu, naye ana watoto, naye hakuambiwa ukweli. Wadogo zako wale wawili hawana kosa. Ukikutana nao wasalimie wewe kwanza.

Sanduku hili, godoro, ndoo, shuka, ada ya mwaka wa kwanza, vyote nimenunua kwa pesa ile. Sikukwambia. Nilikuacha udhani ni karanga na mlenda, nilitaka unione shujaa, hilo nalo ni kosa jipya, la mwaka huu. Kwa hiyo ujue: baba yako ndiye anayekupeleka shule. Amechelewa, amekufa, amesukumwa na mahakama, lakini ni yeye. Usimfanye malaika. Usimfute pia, mimi nilishajaribu.

Viatu tu sijanunua. Pesa yake nimeifunga kwenye pindo la kanga tangu wiki iliyopita. Kila nikifika duka la viatu nashika kimoja, nakigeuza, nakirudisha. Najisikia kama nikinunua mimi nitakuwa nimekaa kwenye lile jiwe lako na kusema, haya, ondoka, hatakuja. Leo jioni itabidi niende, hakuna namna, vile vyako vya la saba vinakubana.

Sina maneno makubwa ya kukupa. Nilichojifunza nimejifunza kwako, na ni kidogo tu: mtu akiuliza nani anadai, na wewe unadai, nyosha mkono. Hata kama mwenye kukuziba mdomo ni mtu anayekupenda. Na siku nyingine utadaiwa wewe. Siku hiyo usivuke barabara.

Cheti tutakirekebisha. Karani ameniambia kuna kiapo, kuna ada, kuna kusubiri, mimi nitasubiri. Shuleni watakuita kama cheti kinavyosema, itika tu. Sanduku litasema lililobaki. Nimeligusa, unisamehe, nimeligusa kwenye ile A ya Elia, ilikuwa kweli bado bichi, kidole changu kimeacha alama. Kwa hiyo na mimi nipo hapo.

Kuna mtu anabisha hodi uani. Ngoja. Ni fimbo inayogonga bati. Nasikia majirani wanamwamkia, shikamoo, shikamoo bibi, naye anaitika huku anapaza salamu yake ya Kigogo juu ya ukuta, "Mbukwenyi! Humu ndani mmekufa? Mkwe! Wewe mkwe, vunja kijiti cha ufagio hapo uje nacho, nimpime huyo mtoto mguu, Majengo hawajafunga!"

Seche, ameniita mkwe. Mbele ya watu wote, kwa mdomo wake. Naenda kuvunja kijiti.